Mtoto Alilala, Mtoto Amelala: Wakati Uliopita Katika Lugha za Kuundwa

Mpwa wangu anatunga hadithi ya michoro kuhusu watu wanaoishi chini ya bahari, kati ya Magogoni na kisiwa cha Bongoyo. Hataki watu hao wazungumze Kiswahili, maana hawajawahi kukanyaga nchi kavu, kwa hiyo anawaundia lugha yao. Jumapili moja alikuja kwangu Tabata na kaunta buku lililojaa maneno, akaniamkia, akaketi mkekani barazani, akafungua ukurasa ulioandikwa juu yake "Wakati uliopita". Chini palikuwa na mstari mmoja tu: ongeza "-mo" mwishoni mwa kitenzi. "Neta" ni lala, basi "netamo" ni lala ya wakati uliopita. "Mjomba, hapa nimemaliza," alisema.

Nikamwomba atafsiri sentensi mbili fupi. Ya kwanza, "Mtoto alilala." Ya pili, "Mtoto amelala." Akaandika "netamo" kwa zote mbili, kisha kalamu ikasita. Aliliona tatizo mwenyewe kabla sijasema neno. Mtoto aliyelala huenda sasa yuko uwanjani anacheza rede. Mtoto amelala, basi punguzeni sauti ya redio. Sentensi moja inazungumzia jambo lililopita na kwisha, nyingine inazungumzia chumba cha pili, saa hii hii. Kiambishi chake kimoja kilikuwa kimebeba mizigo miwili isiyofanana.

Karibu kila anayeunda lugha hujikwaa hapa, na sababu yake ni jina lenyewe. Tunaposema "wakati uliopita" tunadhani tunataja kitu kimoja. Ndani yake mna maswali mawili, na pengine matatu. La kwanza ni lini: je, jambo lilitokea kabla ya sasa? Hilo ndilo wanaisimu wetu wanaloliita njeo. La pili ni jambo lenyewe likoje: limekamilika, linaendelea, limeacha matokeo? Hilo wanaliita hali. La tatu, ambalo lugha nyingine hulijali sana na nyingine hulipuuza, ni umbali: lilitokea asubuhi ya leo, au enzi za babu?

Kiswahili hutenganisha mawili ya kwanza vizuri mno, kiasi kwamba sisi tuliokizaliwa nacho hatuoni kazi inayofanyika. Mama akipiga simu saa mbili usiku akauliza "Umekula?", anauliza kuhusu tumbo lako sasa hivi. Akiuliza "Ulikula?", utamjibu kwa swali: lini, mama, pale kwenye msiba? Kwa sababu "-li-" inadai wakati maalumu uliopita ambao wote wawili mnaujua, na "-me-" inadai tu kwamba jambo limetimia na athari yake ipo. Ndiyo maana vitenzi vya kubadilika kwa hali vikichukua "-me-" vinaeleza sasa: amesimama, amekaa, amevaa, amechoka, amelewa. Hakuna anayesikia "nimechoka" akafikiri nazungumzia jana.

Walimu wengi huwakosoa watu wa Dar wanaposema "nimekuja jana", wakidai kwamba "jana" inataka "nilikuja". Mimi nadhani msemaji anajua anachofanya. Anayesema "nimekuja jana" bado yupo mjini, begi lake liko chumbani kwa shangazi. Anayesema "nilikuja jana" huenda alikuja, akakukosa, akarudi Chalinze. Tarehe ni moja, taarifa ni mbili.

Sasa turudi kwa waundaji wa lugha, maana mpwa wangu alitaka kujua waliomtangulia walifanyaje. Mfano wa kwanza niliompa ni Kivolapük, lugha iliyoundwa na padri Mkatoliki wa Ujerumani, Johann Martin Schleyer, ambaye alianza kuitangaza mwaka 1879. Padri huyu aliweka njeo mwanzoni mwa kitenzi, na nafsi mwishoni. "Penob" ni naandika, ambapo "-ob" ni mimi. Kisha irabu ya mbele inabadilika kadiri unavyorudi nyuma: "äpenob" niliandika, "epenob" nimeandika, "ipenob" nilikuwa nimeandika. Ukienda mbele, "openob" ni nitaandika. Uzuri wake ni kwamba irabu hizo hazikuishia kwenye vitenzi. "Adelo" ni leo, "ädelo" ni jana, "odelo" ni kesho. Mpwa wangu alipoliona hilo alicheka kwa furaha, akasema ni kama sisi tungeweza kuchukua "-li-" na "-ta-" tukazibandika kwenye neno siku. Kivolapük kilipata wafuasi wengi kwa muda mfupi, kisha magomvi juu ya marekebisho yakakipunguzia nguvu, lakini ngazi ile ya irabu bado ni kazi ya fundi.

Kiesperanto kilikuja mwaka 1887. Mwanzilishi wake, L. L. Zamenhof, daktari aliyezaliwa Białystok, alichapisha kitabu chake cha kwanza mjini Warsaw. Yeye alichagua urahisi: "-as" kwa sasa, "-is" kwa uliopita, "-os" kwa ujao, bila kitenzi chochote kinachovunja kanuni na bila kubadilika kwa nafsi. "Mi dormas" nalala, "mi dormis" nililala, "mi dormos" nitalala. Unaweza kujifunza hilo ukiwa umesimama kituoni ukisubiri mwendokasi, na basi likifika unalijua.

Lakini peleka sentensi yetu ya pili huko. "Mtoto amelala" inakuwa "La infano dormas", yaani wakati uliopo, kwa sababu mtoto yuko usingizini sasa. "Alilala" inakuwa "dormis". Kwa hiyo "-is" ya Kiesperanto si "-me-" yetu, na si "-li-" yetu kwa asilimia mia pia, maana hubeba hata mambo ambayo sisi tungeyasema kwa "-me-": "mi manĝis" inaweza kujibu swali la mama kuhusu chakula cha usiku bila shida. Mwanafunzi Mtanzania anayedhani kila "-me-" itageuka "-is" atamwambia mwenzake kwamba mtoto alilala, wakati anataka kumwambia anyamaze.

Zamenhof alijua kwamba njeo tatu hazitoshi, akaweka vijenzi vya kuonyesha hali. "-int-" ni aliyekwisha kutenda, "-ant-" ni anayetenda, "-ont-" ni atakayetenda, na kwa kutendwa ni "-it-", "-at-", "-ot-". Ukivichanganya na kitenzi cha kuwa, unapata miundo kama ile yetu ya "nilikuwa nime-". Hapo ndipo mzozo ulipozaliwa. Chukua nyumba iliyojengwa mwaka 1950. Je, useme "estis konstruita", kwa kuwa ujenzi ulikamilika, au "estis konstruata", kwa kuwa ujenzi na mwaka huo vilikwenda pamoja? Kundi moja liliona vijenzi hivyo vinaeleza ukamilifu, yaani hali. Kundi lingine liliona vinaeleza wakati ukilinganishwa na wakati mwingine, yaani njeo. Walibishana miaka mingi, watu wasomi, kwa kalamu na kwa hasira, mpaka Akademia ya Kiesperanto ikaamua mwaka 1967 kuunga mkono upande wa "-ita". Ninalipenda tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba hata lugha iliyojengwa kwa kanuni chache zilizonyooka haikuweza kulikwepa swali lile lile lililomkwamisha binti barazani kwangu: kiambishi hiki kinajibu lini, au kinajibu likoje?

Ili kumsaidia alione vizuri nilitumia chombo cha mwanafalsafa wa Kijerumani, Hans Reichenbach, alichokieleza mwaka 1947. Alisema tusihesabu nukta mbili tu, ya kusema na ya tukio. Kuna ya tatu, ambayo ni pale msemaji anaposimama kutazamia. Kwa mkazi wa Dar mfano hauko mbali: "Nilipofika Feri, pantoni lilikuwa limeondoka." Nukta ya kusema ni sasa, nikisimulia. Nukta ya tukio ni kuondoka kwa pantoni. Na ile ya tatu ni mimi pale gatini, natazama maji matupu. Pantoni liliondoka kabla yangu, nami nilifika kabla ya sasa. Angalia Kiswahili kinavyofanya: "lilikuwa" inatupeleka gatini, "limeondoka" inatuonyesha kilichokuwa kimetimia tulipofika. Viambishi viwili, kila kimoja na kazi yake, vimewekwa kwenye maneno mawili ili visigombane. Kivolapük kingetumia "i-" moja tu mbele ya kitenzi. Kiido, lugha iliyotokana na marekebisho ya Kiesperanto mwaka 1907, kinaingiza "-ab-" kabla ya "-is": "skribis" ni aliandika, "skribabis" ni alikuwa ameandika. Zote ni njia nzuri. Kinachohitajika ni mwundaji kujua kwamba gati lipo.

Wapo walioamua kuliacha swali la lini kabisa. Kiklingoni, lugha ya filamu za Star Trek, kiliundwa na mwanaisimu wa Marekani Marc Okrand, ambaye alichapisha kamusi yake mwaka 1985. Kitenzi chake hakina njeo. "Qong puq" yaweza kuwa mtoto analala, alilala au atalala, na ukitaka kutaja siku unaweka neno la siku: "wa'Hu'" ni siku moja iliyopita, yaani jana, na "cha'Hu'" ni juzi. Kinachobandikwa kwenye kitenzi ni hali. "-pu'" ni jambo lililokamilika, "-ta'" ni lililokamilika kwa makusudi, "-taH" ni linaloendelea, "-lI'" ni linaloendelea kuelekea mwisho unaojulikana. Ile tofauti ya "-pu'" na "-ta'" ilimvutia sana mpwa wangu. Ukivunja sahani kwa bahati mbaya na ukivunja kwa hasira, sarufi yenyewe inakushitaki.

Kitoki Pona kinakwenda mbali zaidi katika kupunguza. Sonja Lang wa Kanada alikitoa mwaka 2001 kikiwa na maneno kama 120, na hakina njeo wala kiambishi chochote. "Jan lili li lape", mtoto analala, wakati wowote ule. Ukihitaji uliopita unatanguliza "tenpo pini la", na "pini" ni mwisho, kwisha. Wakati uliokwisha.

Neno hilo "kwisha" ndilo nililolitaka, kwa sababu linafungua jambo ambalo naliona ni tamu kuliko yote hapa. Viambishi vya wakati haviteremki kutoka mbinguni. Vinatokana na vitenzi vya kawaida vilivyochakaa kwa kutumika. Hiyo "-me-" yetu wanaisimu wanaihusisha na kitenzi cha kale cha kumala, ambacho bado kinasikika ndani ya "maliza". "-ta-" ya wakati ujao inatokana na kutaka. "-li-" ni kitenzi cha kuwa, na ushahidi wake uko hai katika "Baba yetu uliye mbinguni", ambapo hakuna cha uliopita hata kidogo. Na kama unataka kuona mashine ikifanya kazi, panda daladala lolote usikilize. Wazee walisema "nimekwisha kula". Ikawa "nimeshakula". Vijana wa leo wanasema "nishakula", na "-me-" imetoweka kabisa. Kitenzi cha kwisha kimegeuka kiambishi mbele ya macho yetu, bila kikao cha kamati yoyote.

Kwa mwundaji wa lugha, hili lina thamani kubwa. Kiambishi kilichookotwa tu, kama "-mo", kinafanya kazi, lakini hakina ukoo. Mpwa wangu alikuwa na neno "peti", maliza. Akalibandika: "netapeti", kisha akalichakaza mwenyewe kama ulimi ungelifanya kwa vizazi, likawa "netape", amelala. "Netamo" ikabaki kuwa alilala. Na kwa pantoni lililoondoka akaviunganisha: "dale" ni ondoka, "dalepemo" ni ilikuwa imeondoka. Alifika hapo bila msaada wangu.

J. R. R. Tolkien, mwanaisimu na mtunzi wa Uingereza, alikipa Kiquenya, lugha ya viumbe wa hadithi zake waitwao Elves, ukoo wa namna hiyo, na ndiyo maana wakati uliopita wa lugha hiyo una makunyanzi. Kuna "-në" ya kubandikwa, kama "carnë" kutoka "kar-", tenda. Lakini "quet-", sema, huwa "quentë": ile "n" imeruka na kuingia katikati ya mzizi, kwa sababu ya historia ya sauti aliyoibuni kwa maelfu ya miaka ya kubuni. Mwanafunzi atalalamika, lakini msomaji ataamini kwamba watu hao wamewahi kuishi. Hapa kuna uamuzi wa kufanya kwa moyo mkunjufu. Ukiunda lugha ili watu wa mataifa waelewane, fuata Zamenhof, usiweke kunyanzi hata moja. Ukiunda lugha ya watu wa hadithi, vitenzi wanavyovitumia kila siku ndivyo vinavyopaswa kuwa na mikunjo zaidi. Kiswahili kinayo pia: "nilikula" inabeba "ku-" ambayo "nilisoma" haiihitaji, kwa sababu "la" ni fupi mno kusimama peke yake.

Limebaki swali la umbali. Lugha ya Kilojban, inayotengenezwa tangu mwaka 1987 kwa misingi ya mantiki, inalifanya kuwa hiari: "pu" ni kabla ya sasa, na ukipenda unaongeza "puzi" kwa zamani kidogo, "puza" kwa wastani, "puzu" kwa zamani sana. Unaweza pia kutotaja lolote. Ndugu zetu wa lugha za Kibantu hawakuacha hiari. Kihaya kina kiambishi kimoja kwa jambo la leo, kingine kwa la jana, "-ile" ya mwishoni, na kingine kwa la zamani zaidi, "-ka-". Mhaya anayekuja Dar hukuta "-ka-" hiyo hiyo ikifanya kazi nyingine kabisa, ile ya kufuatanisha matukio: akaenda, akakata kuni, akarudi. Kiswahili kilikwisha kuacha kupima umbali ndani ya kitenzi, kikaacha kazi hiyo kwa jana, juzi na zamani.

Watu wa baharini wangepimaje umbali? Hawana jua la kutosha la kuhesabia siku. Mpwa wangu alifikiri muda mrefu, kisha akasema: maji. Pwani ya Dar maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kila baada ya wiki mbili hivi. Basi "-mo" itakuwa ya jambo lililotokea tangu bamvua iliyopita. La kabla ya hapo litachukua "-oru", kutokana na "oru", kupwa. "Netoru": alilala, zamani, maji yale yalikwisha kupwa. Sijaona muundaji aliyefanya hivyo, nami niliona fahari.

Tulifika kwenye ukanushi jua likiwa limeshuka, na hapa ndipo lugha nyingi za kuundwa huteleza, kwa sababu mwundaji huweka neno moja la "si" mbele ya kila kitu akaendelea. Kiesperanto kinaweka "ne", basi. Kiswahili hakikubali. Kinyume cha "alirudi" ni "hakurudi". Kinyume cha "amerudi" ni "hajarudi". "-li-" inaondoka na "-ku-" inaingia, "-me-" inaondoka na "-ja-" inaingia, na maana zinaachana zaidi kuliko zilivyoachana katika kukubali. "Sikuolewa" ni mlango uliofungwa. "Sijaolewa" ni mlango ulio wazi, na shangazi zako wanalijua hilo.

Nilimwambia asikilize wanavyozungumza pale Feri boti ya uvuvi inapochelewa. Siku ya kwanza watu husema hajarudi. Siku ya tatu bado husema hajarudi, kwa sauti ya chini. Inafika siku mtu mmoja, kwa kawaida mzee, anasema hakurudi, na wengine wote wanalipokea neno hilo na kuanza kulitumia.

Alinyamaza kidogo, akageuza ukurasa mpya. Akaunda viambishi viwili vya ukanushi, kimoja cha jambo linalosubiriwa na kingine cha jambo lisilosubiriwa tena. Pembeni akaandika kanuni ya watu wake: cha pili kisitumiwe kwa aliyepotea majini mpaka bamvua mbili zipite, na wa kwanza kukitamka awe mama yake.